Wanza na Kijia cha Mkwiro

Majirani wa Makongeni walimwita Wanza "Mama Kwa Nini" mbele ya macho yake, naye hakukasirika. Alikuwa mpiga taipu katika kiwanda kimoja cha rangi huko Baba Dogo, mke wa mtu wa reli, mama wa mtoto mmoja, Mbithi. Fundi akija kutengeneza bomba, Wanza alichuchumaa kando yake akiuliza hili na lile mpaka chai jikoni ikafurika.

Agosti ya 1996, rafiki yake Jawahir, muuza vitambaa wa Eastleigh, alimwalika yeye na jirani yake Lenah waende kumwona shangazi yake, aliyeolewa Mkwiro, kisiwani Wasini. Mashua iliwashusha kijiji cha upande wa pili wa kisiwa. Kutoka hapo ni miguu tu, kijia chembamba kati ya vichaka na mawe makali.

Walianza jua likichoma. Lenah alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

"Hamkuniambia ni mawe!"

"Nilikwambia ni kutembea," Jawahir akamcheka. "Wewe ulidhani kuna lami?"

Wanza alikuwa amebaki nyuma, amepiga magoti. Ndani ya mwamba mlikuwa na kombe la baharini, limeshikwa na jiwe pande zote, na bahari haikuonekana popote.

"Nani alilileta huku juu?"

"Mama Mbithi, inuka," Lenah alisema. "Angalia mawingu hayo."

Hata hakumaliza. Upepo uligeuka, ukawa wa baridi, na mvua ikaanguka kwa kishindo. Walikimbia hadi kwenye mwamba uliojiinamia kama kibaraza. Chini yake alikuwa amekaa mama wa makamo na mzigo wake wa kuni.

"Ingieni, wanangu, mtarowa."

"Shikamoo, mama," Wanza alisema, maji yakimtiririka usoni. "Kombe huingiaje ndani ya jiwe?"

Yule mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Marahaba. Kisiwa hiki chote kilikuwa chini ya maji, mwanangu. Haya mnayokanyaga ni matumbawe."

"Kwa hiyo hapa tulipokaa, samaki walipita?"

"Walipita, wakazaana."

Lenah alivuta miguu yake taratibu, kana kwamba kuna kitu kingemgusa.

Mvua ilikatika ghafla, jua likarudi, mawe yakaanza kufuka mvuke. Sasa yaliteleza. Wanza alirarua leso yake kuukuu akamfungia Lenah viatu, wakaendelea wameshikana mikono, Jawahir mbele akiimba ili asisikie malalamiko.

Mkwiro walipokewa na Shangazi Kawsar kwa kanga kavu na chai ya tangawizi. Hawajamaliza vikombe, mvua nyingine ikashuka, safari hii juu ya bahari. Wanza alitua kikombe, akatoka mbio hadi ukingoni, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja.

"Huyu ana nini?" Shangazi Kawsar aliuliza.

"Nataka kujua kama mvua inapunguza chumvi!" Wanza alipaza sauti.

Lenah alitokeza kichwa mlangoni. "Na imepunguza?"

"Bado sijui. Njoo uonje na wewe."

Lenah aliguna, akavua viatu, akaingia mvuani.