Mama Puto Anamhamisha Baba Yake

Tarehe 14 Machi, kituo chetu cha hali ya hewa kilirusha puto saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Siku za kawaida hurushwa maputo mawili tu. Hayo mengine yaliongezwa kwa sababu kimbunga kilikuwa baharini, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu.

Aliyeyarusha yote ni mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Mama Puto. Mimi ni fundi wa vipimo chini yake. Yeye hujaza gesi taratibu, akilishika puto kama anayembembeleza mtoto mchanga, kisha hulifungia kifaa kidogo cha kupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa huko juu.

Vipimo hivyo, pamoja na picha za setilaiti, husaidia kuchora ramani ya kimbunga: mstari katikati, na pande zake eneo linalotanuka kadiri siku zinavyosogea mbele. Watu hutazama mstari. Mama Puto hutazama eneo, kwa kuwa kimbunga chaweza kupita popote ndani yake, na pengine kikatoka nje kabisa. Nyumba ya baba yake ilikuwa ukingoni mwa eneo hilo.

Baada ya puto la asubuhi tulimfuata mzee. Miguu yake haina nguvu tena; maji yakija, hawezi kukimbia. Tulimkuta kitandani, amenuna.

"Mwaka jana ulinilaza kwenye sakafu ya shule," alisema. "Kimbunga kikapinda, majirani wakanicheka mpaka wakachoka. Leo sitoki."

"Baba, tafadhali."

"Nijibu neno moja. Kinakuja, hakiji?"

Uongo mdogo ungemaliza ubishi.

"Sijui, Baba."

"Miaka yote hiyo unarusha mapulizo, hujui?"

"Tunajua kinaelekea huku. Kitapiga wapi, na kwa nguvu gani, hatujui. Ningejua, ningekuacha ulale."

Mzee alinigeukia.

"Mjukuu wangu," akaniambia, kama awaitavyo vijana wote, "nipe viatu. Huyu hata kudanganya hajui. Na godoro langu lije. Sakafu ile inazijua mbavu zangu zote."

Mama Puto alimbeba mgongoni hadi garini.

Kimbunga kilipinda tena, kikatua mbali. Nyumba ya mzee iling'oka bati moja.

Mwaka mmoja baadaye walihama kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu kimbunga kikapita pembeni. Mzee alinung'unika njia nzima, ila safari hiyo hakuuliza kama kinakuja.