Wimbo ya mu Kabine

Bwana yangu ni Sebarenzi, lakini hapa Mushaki banamuitaka Papa Sylvain. Njo shofere wa ile Fuso ya bleu yenye inateremushaka maharagi na mafromage ya maziwa ya ng'ombe ku soko ya Sake. Alianza kuendesha mbele ya Sylvain wetu kuzaliwa, na leo Sylvain naye ameota mvi.

Halafu akaanza kupunguza. Kwanza aliacha safari ya mangaribi, asema amechoka. Kisha akaacha ya mvua. Kisha Rubaya, asema barabara imeharibika, kama vile kuna siku ilikuwaka muzuri! Moja tu njo hakuacha: ya Sake, siku ya soko, penye Murekatete, yule mujane muuzishaji wa fromage, anakaaka mbele mu kabine pembeni yake. Mimi mwenye nilimuzalia batoto, nilikuwa napanda nyuma, juu ya magunia.

Na banaimba! Hiyo njo iliniua. Murekatete anaanzisha, bwana yangu anaitikia, wimbo ya kanisa, kutoka Mushaki paka chini ku Sake. Kule nyuma motere inapiga kelele, maneno sikuwa naisikia, ni zile sauti mbili tu zenye zinapatana. Jirani yangu Dorothée akanigusa: "Mama Sylvain, bwana yako anaimba sana siku hizi. Ku nyumba anaimbaka?" Mawe! Ku nyumba, hata kupiga muluzi hapana. Roho ikaniwaka moto.

Soko yenye ilifuata, nikapanda mu kabine mbele ya bantu bote, nikaweka kikapo ku magoti, nikafunga mulango. Murekatete akakuja na mafromage yake.

"Mama Sylvain," akasema polepole, "leo uniachie hapo, tafazali."

"Kiti iko na jina yako? Enda nyuma, upepo ikupige kidogo!"

Bantu bakacheka. Yeye hakucheka. Akaangalia bwana yangu, na bwana yangu akaangalia volan yenye alishika. Hiyo nayo ikanichoma: banasemezana na macho, na mi niko pale!

Tukaanza kuteremuka. Ukungu ilikuwa mingi. Papa Sylvain anaenda polepole, jasho mu uso, na baridi yote ile.

"Imba," akaniambia.

"Niimbe nini? Mwimbaji wako iko nyuma."

"Mama Sylvain, imba."

Nikakumbatia kikapo yangu. Mbele yetu ng'ombe zilikuwa zinakatiza barabara. Mi nilikuwa naziona, nikangojea apunguze mwendo. Hakupunguza.

"Ng'ombe!" nikalia.

Akakanyaga fren na nguvu yote. Fuso ikasimama, ng'ombe moja ikapangusa pua ku kioo. Nyuma bantu banaita Yesu.

"Hukuiona?"

"Ninaona kama muntu mwenye anaangalia mu maziwa," akasema. "Murekatete njo ananiimbiaka: shimo, kona, ng'ombe. Ba nyuma banasikia tu wimbo."

"Na mimi? Mbona hukuniambia?"

"Weye ungenikataza kuendesha."

Afazali ningekuta bamekumbatiana! Hiyo ningejua namna ya kuipigania. Kumbe woga yake yote alimupatia mwanamuke mwingine, mimi akaniachia magunia.

Nikachomoa ufunguo, nikaitia mu kikapo. Hakukataa. Tukatuma muntu wa moto, na pikipiki yake, aite mutoto wetu Sylvain akuje kuteremusha mizigo, na mimi nikashika mukono ya bwana yangu, tukaanza kupanda kurudi Mushaki kwa miguu. Murekatete akatufuata, amebeba koti yake. Koti ya bwana yangu!

"Jiwe," nikamuambia. "Sasa matope."

"Imba, basi," akasema.

Nikaimba jiwe, nikaimba matope. Sauti yangu ni mubaya, najua. Lakini akaitikia. Nyuma yetu, Murekatete naye akaitikia.

Nikageuka. "Weye, lete hiyo koti," nikamuambia, "na unyamaze. Huyu, sasa njo mimi namuimbia."