Fundi wa Ng'ambo ya Barabara

Fundi kompyuta aliyefungua duka ng'ambo ya barabara, pale Tunduma, alitoza mara mbili ya bei yangu, na bado wateja walijaa kwake, hata Wazambia waliovuka mpaka. Roho iliniuma mpaka kicheko chake nikakichukia. Nikashusha bei, wateja wakazidi kupungua.

Nikaenda kuchungulia. Alikuwa anafungulia kompyuta barazani, mteja mwenyewe kakaa kwenye benchi anakodolea macho kila skrubu. Mimi nilitengenezea nyuma ya pazia.

Kesho yake nikatoa meza nje. Shemeji yangu akapita na kompyuta kwapani, akasimama, akacheka.

“Shemeji, kumbe umeacha kuchomoa vifaa vya watu? Sasa bei si itapanda!”

Kisha akavuka barabara.