Mkwe wa Siti ya Nyuma

Muhamadi alikuwa fundi wa kushona makava ya siti za magari huko Ndeeba, na hakuna aliyembishia. Mnubi wa Bombo, mkono mwepesi, mdomo mzito. Kava lake lilikaa kwenye siti bila mkunjo. Ila alikuwa na tabia moja, na wateja walimsifu kwayo: vifungio vya mikanda ya usalama ya nyuma alivisukumia chini, akavifunika kwa kava, siti ikabaki laini. "Nyuma nani anafunga?" walisema, naye akacheka nao. Ajabu ya watu! Trafiki anachungulia mbele tu, basi na ajali nayo haiendi nyuma? Hata gari lake mwenyewe alilishona hivyo hivyo.

Alimwoa Shamim, Mganda, akamwoa pamoja na mila zake. Kwa Waganda, mwanamume hamkaribii mama mkwe: hamgusi, hamkodolei macho, hawaketi bega kwa bega. Wote wawili walikuwa Waislamu na dini haikudai hayo, lakini Muhamadi, kwa kutaka kupendwa ukweni, aliishika mila kuwashinda wenyewe. Hajati Sumayiya, mama yake Shamim, akiingia mlango huu, yeye anatokea ule. Mama wa watu alimpenda kwa hilo. "Mnubi wangu ana adabu," aliwaambia majirani.

Siku moja walimfuata Hajati kwake Ggaba ili wampeleke mjini kupimwa macho. Shamim alikaa mbele, mama nyuma. Kabla gari halijaondoka, Hajati akavuta mkanda, akapapasa.

"Shamim, mwanangu, huu nauchomeka wapi?"

Shamim akamgeukia mumewe. Muhamadi alijua vizuri kabisa: kifungio kilikuwa chini ya kava, pale pale alipokalia mama. Kukitoa, ingebidi Hajati ashuke, kisha Muhamadi apenyeze mkono alipokuwa amekaa mkwewe, akate uzi. Kuwaza tu kulitamka jambo hilo, uso ulimwaka moto. Lo! Mtu mzima na ndevu zake, anaogopa kuitaja siti.

"Mwambie aushike tu kwa mkono," akasema akitazama mbele. "Si mbali."

Hajati akaushika mkanda kifuani kwa mikono miwili, akatulia.

Walipokaribia Kabalagala, lori lililokuwa mbele yao likasimama ghafla. Muhamadi alikanyaga breki, wapi! Wakaligonga kwa nyuma. Mifuko ya hewa ya mbele ikafumuka, mikanda ikawabana yeye na Shamim, wakapata michubuko tu. Hajati alirushwa mpaka katikati ya siti zao, shingo imepinda. Hapo ndipo Muhamadi alipomshika. Alimkumbatia, akamwita mama mbele ya watu wote, na hakuna aliyemkataza. Hajati hakuitika.

Siku chache baada ya mazishi, Shamim alimkuta amekaa peke yake nyuma ya nyumba.

"Kile kifungio," akamwuliza. "Ulijua kilipo?"

Muhamadi alitamani ardhi immeze. Uongo ulimjia mdomoni, akaumeza.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya, Shamim. Ni mama mkwe. Ningemwambiaje ainuke?"

Shamim alilia kwanza, kilio kirefu kisicho na sauti, na Muhamadi hakuthubutu kumsogelea. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Angeshuka," akasema. "Ungeniambia mimi, nikamwambia yeye, angeshuka tu akasimama pembeni, akakusubiri."