Mawe ya Redio na Ubao wa Kisomo

Siku ya kwanza kazini nilipewa gunia tupu na nyundo. Mratibu wa elimu ya watu wazima wa kata yetu, huku njia ya Bukene, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mama, ubao umepauka. Kusanya mawe ya redio yaliyokufa, uutie weusi." Basi. Ndiyo ikawa kazi yangu miaka yote ya vijiji vya ujamaa.

Ninyi mnasema betri. Sisi tuliyaita mawe. Jiwe likifa unalipasua. Ganda lake linakwenda kwa fundi wa vibatari Gongoni. Unga mweusi wa ndani unausaga, unauchekecha, unauponda na majani mabichi ya viazi ili ushike, kisha unapaka kwa kitambaa. Pua umeifunga khanga, na mikono unanawa kabla hujagusa chakula. Msaidizi aliyepuuza nilimfukuza.

Shida ilikuwa kuyapata. Watu wa kwetu hawakukubali kwamba jiwe limekufa. Waliyaanika kwenye ungo juu ya paa, yapigwe jua, redio iimbe tena kidogo jioni.

Mwaka mmoja mtihani wa kisomo ulikaribia na ubao hausomeki. Mratibu akasema, "Msimamizi akija asione kitu, darasa la kina mama nalifunga." Kijiji kizima, mawe yalibaki kwa Mzee Maganga tu. Nikaenda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kama umefuata mawe yangu, rudi. Hayajafa hayo, yamelala."

"Yamelala tangu masika?"

"Kwani wewe hulali?"

Mkewe, Bi Nyamizi, alikuwa mwanafunzi wetu. Aliacha kutwanga, akapindua kinu, akapanda juu yake, akauteremsha ungo.

Mzee akang'aka. "We mama! Taarifa ya habari nitaisikiaje?"

"Miaka yote umesikiliza wewe. Mimi nataka kuandika jina langu, msimamizi alione."

Mzee akanigeukia. "Chukua. Asipofaulu, unanirudishia."

"Unga?"

Akacheka bila kupenda.

Siku ya mtihani Bi Nyamizi aliandika jina lake kubwa, chaki ikilia. Mzee, ambaye hakujua kusoma, alisimama dirishani. Akalinyooshea kidole lile jina ubaoni, akamuuliza msimamizi, "Ndiye huyo?"

"Ndiye, mzee."

"Basi msifute kwanza."

Nilistaafu ilipofika rangi ya kopo. Leo betri mnazitupa mitaroni, mvua inazisomba hadi visimani. Zikusanyeni, wala msingoje shukrani. Mimi sikupewa hata cheti. Lakini darasa halikufungwa. Mwaka uliofuata nilipita kwa Mzee Maganga jioni, redio yake iko kimya, Bi Nyamizi anamsomea gazeti.