Kanyagio Lisilo na Dereva

Wifi yangu anachapa maneno ya watu wengine. Ndiyo kazi yake, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Watu wanagombana mbele ya baraza la ardhi, mashine inarekodi, kisha yeye nyumbani kwake anasikiliza na kuandika kila neno, pamoja na "aa" zao na "nanihii" zao. Ofisini walimbandika jina la Chapchap, kwa sababu anachapa, na anachapa chapchap. Mimi namwita wifi tu, maana aliolewa na kaka yangu, na miaka yote hiyo tumependana kwa kurushiana vijembe.

Kaka alikuwa dereva wa lori. Mshipa ulimpasuka kichwani akiwa kazini, akalala hospitali siku mbili, akafariki. Wifi hakulia. Hospitali hakulia, makaburini hakulia, na wageni wa mwisho walipoondoka, nikadhani sasa atalia, akaenda kuosha vikombe.

Watu hawakosi la kusema, na kusema kweli hata mimi nilisema, tena kwa sauti. Nilihamia kwake nimwangalie. Namwambia kula, anakula. Namwambia oga, anaoga. Ukimwambia lia, anakutazama kama umemuuliza saa. Mimi ni mtu wa kelele, nikikasirika jirani wa tatu anajua, na kukaa na mtu aliyeingia ganzi namna ile kulinichosha kuliko msiba wenyewe. Kuna siku niliwaza, Mungu anisamehe, kwamba pengine hakumpenda. Wazo hilo nilikaa nalo wiki nzima na sikuliona kuwa na aibu.

Wiki ya saba, siku ya Jumatano, karani wa baraza akapiga simu. Alikuwa mpole lakini hakuzunguka mbuyu: kuna shauri la mpaka wa kiwanja, saa nne za sauti, linatakiwa Ijumaa saa sita mchana. Asipoweza, jina lake litatoka kwenye orodha ya wachapaji na nafasi atapewa mwingine.

"Sawa," wifi akasema, akakata simu.

Mimi ndiye niliyeshtuka. Kila kitu kingine kilikuwa kimemtoka mikononi, kilichobaki ni hiyo kazi. Niliona wazi kwamba nayo ikienda, huyu mwanamke atapanda kitandani na hatashuka tena.

Kompyuta yenyewe ipo chumbani, pembeni ya kabati, juu ya meza ambayo mguu wake mmoja umetiwa kipande cha kadibodi. Chini ya meza kuna kanyagio jeusi la plastiki, limelainika pale wayo unapokaa. Ukilikanyaga, sauti inaanza. Ukiinua mguu, inanyamaza. Ukigusa kushoto inarudi nyuma kidogo, usikie tena yule mzee aliyekohoa katikati ya ushahidi. Mikono haitoki kwenye vitufe hata mara moja. Bila kanyagio hilo, saa moja ya sauti inamla kutwa nzima. Hizo saa nne zingemfikisha Jumatatu.

Alhamisi asubuhi nilimwamsha, akaketi, akavaa spika zake za masikioni, akakanyaga. Kimya. Akakanyaga tena. Kumbe wakati wote wa msiba kompyuta ilikuwa inawaka, waombolezaji wanachajia simu zao pale, nayo ilikuwa imejisasisha bila kumuuliza mtu. Iliamka na rangi mpya, maandishi mapya, na hailijui tena kanyagio.

"Basi," wifi akasema, akavua zile spika, akaziweka mezani. "Haifanyi."

"Basi nini? Mpigie fundi!"

Hakumpigia. Nilimpigia mimi, yule fundi wa kompyuta wa karibu na zahanati, nikaweka sauti ya nje na kuisimamisha simu kwenye kikombe cha kalamu.

"Mama, waya umechomeka?" fundi akauliza.

"Nimechomeka," wifi akajibu.

"Umejaribu tundu la nyuma pia?"

"Nimejaribu."

"Haya, sasa niambie. Dereva wake yupo?"

"Alifariki," wifi akasema. "Hii ni wiki ya saba."

Nyuma ya fundi nilisikia mteja akiuliza kama chaja ni orijino.

"Mama, pole sana. Pole. Sikuwa na habari." Akakohoa. "Mimi naulizia dereva wa kompyuta. Ile programu ndogo inayoielewanisha na kifaa. Sisi tunaiita dereva."

"Ah. Huyo sijamwangalia."

Kicheko kilinitoka. Nilijiziba mdomo kwa kiganja nikawa natikisika mabega, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwangalia wifi nione kama amekasirika. Hakukasirika, wala hakucheka. Alikuwa anafungua orodha ya vifaa, kama alivyoelekezwa.

Lazima niseme kwamba kompyuta ile inazungumza Kiswahili. Kaka ndiye aliyeiweka hivyo, akisema hawezi kulala chumba kimoja na kitu kinachomsengenya kwa Kiingereza. Aliyeitafsiri simjui, lakini neno dereva alilichukulia ni mtu kweli kweli. Kila mahali ni yupo, hayupo, amesimama, hajibu. Kwenye orodha kanyagio lilitokea mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa na alama ya njano na maneno: "Dereva wa zamani. Haelewani na mfumo huu." Mara ya pili liliandikwa: "Kifaa cha michezo."

"Inadhani ni la kuchezea gemu," fundi akasema.

"Iambie gemu lenyewe linachezwa na baraza," nikadakia. Fundi akacheka kwa adabu.

Alituma anwani ya watengenezaji wa kanyagio kwenye simu yangu. Wifi akaiandika herufi kwa herufi, akampakua dereva mpya anayefaa mfumo mpya, akafungua. Mstari wa kijani ukatambaa hadi katikati ukakwama. Akarudia, ukakwama palepale. Saa nne asubuhi ilikuwa imeshapita, na mimi nilikuwa nazunguka chumbani napanga nguo zilizokwisha kupangwa.

"Nilijua," fundi akasema. "Mafahali wawili hawakai zizi moja, mama. Huyo mpya hataingia mpaka wa zamani atoke. Mbonyeze wa zamani upande wa kulia wa mausi, uchague ondoa. Watu wananisubiri hapa, ila siendi popote, nipo."

Wifi akabonyeza. Kidirisha kikafunguka katikati ya kioo.

*Una hakika unataka kumwondoa dereva huyu? Akiondolewa hatarudi.*

Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Mkono wa wifi ulibaki juu ya mausi. Nikasubiri. Nikahesabu pumzi zake tatu au nne, subira ikaniishia.

"Bonyeza basi, wifi. Muda unakwenda."

"Bonyeza wewe."

Nikasogea nikainama, nikaishika mausi. Nikakisogeza kimshale hadi kwenye Ndiyo, nikasoma yale maneno tena, kidole kikagoma. Nilijiambia ni kompyuta tu, ni maneno ya mfasiri mvivu, huyu siye yule. Kidole kikagoma. Mimi niliyekuwa nikimwambia kila siku kwamba yaliyopita yamepita na maisha lazima yaendelee.

"Siwezi," nikasema.

Wifi akautoa mkono wangu taratibu, akashika mwenyewe, akabonyeza Ndiyo.

"Hospitali waliniuliza hivyo hivyo," akasema, macho yake kwenye kioo. "Daktari alisema ubongo umeshakufa, ni mashine tu inayompumulia. Akaniuliza, mama, una hakika tuizime? Nyinyi mlikuwa bado njiani. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema ndiyo."

Tuliambiwa alikata roho alfajiri. Hakuna aliyeuliza vipi, na mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeniuliza mara ya tatu."

Alisema hivyo bila lawama, kwa sauti ile ile aliyomjibia karani. Mstari wa kijani ulitambaa, ukapita katikati, ukafika mwisho.

"Mama?" fundi akaita polepole kwenye simu. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. "Imekubali?"

"Imekubali," wifi akasema. "Asante, fundi."

Kazi aliituma Ijumaa saa tano na ushei, na jina lake bado lipo kwenye orodha. Nalitaja hilo ili nisiulizwe. Kulia hajalia hadi leo, na mimi nimeacha kumdai.

Ila Alhamisi ile, fundi alipokata simu, wifi hakuvaa spika za masikioni, aliiacha sauti itoke nje. Akakanyaga. Mwanamume mmoja akaanza kueleza jinsi jirani yake alivyong'oa nguzo za uzio, na vidole vya wifi vikaanza kukimbia. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nyuma yake. Nikaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti yangu yote niliyopewa. Wifi hakugeuka. Aliinua mguu, yule mwanamume akanyamaza katikati ya neno, na vidole vyake vikatulia juu ya vitufe. Alinisubiri nimalize.