Tumbo la Shukrani

Nakumbuka Jumapili ile tulipokupeleka kanisani, hapa Butiama, kutoa shukrani. Ulikuwa umeviringishwa shali ya njano, umelala, hujui kama dunia ina maneno. Nakuita mwanangu ingawa nimemaliza chuo juzi na bado natafuta kazi. Kwetu shangazi huwa mzee siku ile ile anapozaliwa mtoto wa kaka yake.

Mama yako alikuzaa kwa kupasuliwa, hospitalini Musoma, na sisi tuliokaa nje ya mlango tulishaanza kuogopa kutazamana. Mlipotoka wote wazima, bibi yako aliapa kwamba tumbo lililookoka litamchezea Mungu. Ndivyo ulivyo ukoo wetu: mwanamke aliyevuka uzazi mgumu hupeleka sadaka akicheza kiuno, kutoka mlangoni mpaka altareni. Mshono ukiwa haujapona, wifi yake humchezea. Wifi ndiye mimi.

Mwanangu, niliwaza! Kiuno ni sala au ni dhambi? Padri atanionaje? Na mtu akinirekodi, halafu wanaonifanyia usaili wakaiona? Kucheza najua. Chuoni nilijifunza ngoma ya tumbo kwenye simu, ile ya Waarabu, mlango nimeukomea. Tumbo lilijua kuzunguka. Mwenyewe nilijua kuogopa.

Ngoma ikalia. Nikabaki mlangoni na kikapu changu cha mtama wa sadaka kama nguzo ya umeme.

"Wifi, huchezi?" mama yako akauliza.

"Nasikilizia mdundo kwanza."

"Mdundo gani huo usiofika?" Akakukabidhi kwa bibi yako, akaanza kujifunga kitenge kiunoni, meno ameyauma kwa maumivu. "Lete kikapu. Nitacheza mwenyewe."

Bibi yako akamzuia kwa mkono, akanigeukia.

"We msomi, unawazaga nini? Mdomo unasali, magoti yanasali. Tumbo ndilo lililokaa na huyu mtoto, halafu wewe unataka lenyewe linyamaze?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi yule alikuwa tayari kupasuka mshono ili aseme asante. Nikakifungua kile kitenge kiunoni mwake, nikajifunga kibwebwe.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Kisha nikaukumbuka mlango wa hospitali, na tumbo likaanza kuzunguka, taratibu, kama linaongea na mtu linayemfahamu. Vigelegele vikapanda. Mcheza kwao hutunzwa: akina mama wakanirundikia kanga mabegani. Na padri niliyemwogopa? Alikuwa anapiga makofi, tena nje kabisa ya mdundo.

"Pole pole wifi!" mama yako akalia kwa kicheko, mkono juu ya mshono. "Unanichekesha, nyuzi zitakatika!"

Basi, mwanangu, utakapokua, usiuonee haya mwili wako mbele ya aliyeuumba. Kuwaza si kosa, ila asante ikikujia usiipange foleni nyuma ya mawazo. Maneno yakikuishia, cheza. Ukiogopa, funga kibwebwe kwanza. Woga utakukuta njiani umeshaanza. Na mwanamke mwenzako akishindwa kusimama, mchezee bila kungoja aanze kujifunga kitenge.

Mungu akupe kiuno chepesi na moyo usio mzito. Na siku ikifika, akupe wifi asiyesikilizia mdundo. Amina.